Kianzio Kilichokatwa

Mdogo wangu alipotoka studio Songea na albamu yake ya kwanza ya jazi ya umeme, alinitumia kwa simu. Nilikaa kibarazani kwangu Lundo nikaisikiliza yote, nikitafuta gitaa langu. Halikuwemo.

Miaka yote tulipiga wawili, magitaa makavu, kuanzia kijijini kwetu Ruanda, kule milimani, msimu wa kuchuma kahawa mpaka kwenye harusi za huku ziwani nilikoolewa. Kila wimbo nilianzisha mimi: nyuzi chache peke yangu, ndipo yeye anaingia. Kwenye albamu nyimbo ni zilezile, ila vianzio vyangu vyote kavikata, kaweka gitaa la umeme na kinanda. Nilipompigia, hata shikamoo hakunipa.

"Dada, gitaa kavu ni la kilabuni. Sasa hivi watu wanataka umeme."

Nikakata simu. Mimi nikinuna nimenuna.

Uzinduzi akauweka Mbamba Bay, na kwa ajili ya video akawaita akina mama wa kioda, ngoma ya wanawake wa ziwani, waje na magauni yao meupe. Yeye ni mtu wa milimani, hakuwahi kuuliza wanachezaje. Kikundi kile hakiinui mguu mpaka mwanzishaji akifungulie, na kwa nyimbo zetu, walizozoea kuzicheza harusini, mwanzishaji ni mimi, kwa vianzio vilevile alivyovikata. Ningeweza kumwambia. Nikavaa, nikaenda kuketi mbele kabisa.

Jenereta ikanguruma, kamera ikawashwa. Akina mama wakasimama mstari mmoja, mikono imekunjwa. Wimbo wa kwanza ukaisha hakuna aliyeinua kisigino. Wa pili hivyohivyo. Watu wakaanza kucheka. Jasho lilimtoka yule bwana, na mimi niliona raha, sifichi.

Akashuka jukwaani mpaka nilipoketi.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba."

"Naomba uwaanzishie."

"Waanzishie na umeme wako," nilimjibu, na watu wanasikia.

Akarudi, akapiga mpaka mwisho mbele ya wanawake waliosimama kama wako kwenye foleni ya zahanati. Video ile haijatoka hadi leo.

Albamu bado ninayo kwenye simu. Niliiweka ili hasira isipoe. Lakini nikiwa peke yangu naanika usipa, dagaa wetu wa ziwani, wimbo wa mwisho huwa naurudia. Amepiga vizuri kuliko tulivyowahi kupiga wawili, na mle ndani hakuna mahali ambapo gitaa langu lingeongeza kitu. Hilo ndilo sijamsamehe.