Mashini ya Sakafu na Magoti ya Mama

Mwanangu alikuja juzi kutoka Lubumbashi, akakaa kwenye kiti changu, akanionyesha simu. Ndani yake kulikuwa na roboti ya kusafisha sakafu, ya mviringo kama kifuniko cha sufuria, ikizunguka peke yake chini ya meza za watu. Mke wake anaitaka. "Mama, semeni ukweli," akaniambia, "hii kintu iko na faida, ao ni buvivu tu? Mumuambie muke wangu, miye hanisikie."

Kumbe alikuja kutafuta shahidi. Pole yake! Mimi nimekulia kwenye sakafu nyekundu za Panda, kambi ya wafanyakazi wa kampuni ya madini, na shauri hilo lilikatwa nyumbani kwetu zamani, mbele ya macho yangu.

Ilikuwa miaka ile ya tisini, kila kitu kikifa polepole. Baba alikuwa fundi wa vyuma. Kila asubuhi alivaa ovaroli akaenda kazini, ingawa mashini za huko zilikuwa zinanyamaza moja baada ya nyingine na mshahara umekuwa hadithi. Posho ya unga nayo ilikatika. Mama alifanya kazi za ndani kwa injinia mmoja mzungu, kwenye zile nyumba kubwa za juu. Miaka kumi alipaka nta sakafu za nyumba ile, magoti juu ya kitambara, kutoka chumba cha mwisho mpaka barazani. Jumamosi akirudi kwetu alifanya vile vile, maana kambini mwanamke alipimwa kwa sakafu yake. Nta ya dukani ilipokosekana, wamama walichemsha vipande vya mishumaa pamoja na mafuta ya taa kidogo na unga wa matofali mekundu. Mama akishapaka, sisi watoto tulikaa kwa zamu juu ya blanketi kuukuu na kuvutana huku na huku mpaka simenti ing'ae. Tulicheka sana. Hatukuangalia mama anasimamaje.

Alisimama hivi: mkono mmoja ukutani, mwingine kwenye kiti, na kilio kidogo cha puani. Magoti yake yalikuwa yamevimba kama viazi.

Sasa sikilizeni. Ndani ya kabati la madamu, mke wa injinia, kulikuwa na mashini ya umeme ya kupaka nta na kung'arisha sakafu, yenye mkono mrefu na brashi mbili za duara chini. Miaka yote kumi mama aliipangusa vumbi, na hakuruhusiwa kuiwasha hata mara moja. Madamu alisema itaharibika, na spea zake zinatoka Ulaya. Spea za magoti ya mama yangu zinatoka wapi, hilo hakuuliza mtu.

Injinia alipofunga masanduku kurudi kwao, madamu alimwambia mama achague kitu kimoja cha ukumbusho. Kulikuwa na friji. Kulikuwa na cherehani nzuri, na kambi nzima ilikuwa imeshamchagulia cherehani. Mama akarudi na ile mashini ya sakafu kichwani, akipita katikati ya barabara ili wote waone.

"Mama wee!" jirani yetu alipiga kelele kutoka mlangoni kwake. "Njala iko mu nyumba, yeye anabeba mashini ya kusugulia chini!"

"Uangalie vizuri," mama akamjibu bila kupunguza mwendo. "Ndio hii."

Baba hakucheka. "Mama ya batoto," alisema, "batoto batakula mashini?"

Mama alichomeka waya. Brashi zikanguruma, na mama akatembea nyuma yake amesimama wima, wima jamani, chumba hadi chumba, akiimba. Nilikuwa na miaka kumi na moja, na nilikuwa sijawahi kumwona mama akifanya sakafu huku nikimwona uso.

Wiki ya pili baba alileta mnunuzi. Alikuwa mchuuzi wa mahindi kutoka Kapolowe, na juu ya baiskeli yake kulikuwa na mfuko wa unga. Mfuko mzima! Tulikuwa tunakula mara moja kwa siku, na mdogo wangu alikuwa ameanza kuuliza tangu asubuhi bukari, ugali wetu, itasongwa saa ngapi. Nasema wazi: niliutaka ule unga. Nilimkasirikia mama kuliko nilivyowahi kumkasirikia mtu.

Mama aliuangalia mfuko, kisha akamwangalia baba. "Sawa," akasema. "Mashini iende. Lakini kwanza, baba ya batoto, weye upake nta hapa chini, kutoka mu chumba mpaka ku mulango. Ukimaliza, usimame bila kushika ukuta. Ukisimama, miye sitasema kintu tena."

Watu walishajaa dirishani. Mwanaume kupiga magoti na kitambara cha nta? Kambini kwetu hilo halikuwa limeonekana. "Papa, ni kazi ya batoto," mnunuzi alisema huku akicheka. Baba alishusha ovaroli mpaka kiunoni, akachukua kitambara. Alianza kwa hasira, haraka haraka, akapaka nene mno. "Urudilie pale," mama akasema. Akarudia. Kufika kwenye meza jasho lilikuwa linadondokea nta, na kila lilipodondoka liliacha doa, kwa hiyo alirudia tena na tena. Kicheko kiliisha dirishani. Alipofika mlangoni alipumzika kidogo, akajaribu kuinuka. Mkono wake wenyewe ukautafuta ukuta.

Vidole vitano vyekundu vilibaki vimechorwa pale. Akamwambia mnunuzi, bado yuko chini: "Ndugu, urudishe bunga yako."

Wiki ile tulikula mapapai mabichi ya kuchemsha na chumvi. Mdogo wangu alilia. Mama hakumwomba mtu msamaha, na mimi simwombei leo. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Halafu transfoma ya kambi ikaungua. Miezi na miezi hakuna umeme, na mashini yetu imesimama kwenye kona, bubu. Jirani alikuja makusudi kuitazama. "Sasa? Mutaikula?" Jumamosi ilipofika mama alichukua kopo la nta, akakunja kitenge ili apige magoti. Baba akamnyang'anya kitambara.

"Weye ikala," akamwambia, akimsogezea kiti.

Akapiga magoti yeye, mlango wazi, watu wakipita na kusimama na kunong'ona. Jumamosi iliyofuata vile vile, na nyingine, mpaka umeme uliporudi.

Nilipomaliza kusimulia, mwanangu alikuwa bado ameshika simu yake. "Basi Mama," akauliza, "ninunue ao nisinunue?"

Aka! Niliinuka, nikaenda jikoni, nikarudi na kopo la nta na kitambara. Sakafu yangu mpaka leo ni simenti nyekundu.

"Uanzie mu chumba," nikamwambia. "Ukifika ku mulango, weye mwenyewe utanijibu."