Mazoezi ya Pilato

Mama mkwe alimchukua binti yangu, aliyekuwa bado ananyonya, Jumapili moja baada ya ibada, mimi nikiwa chali kwenye mkeka, siwezi hata kumsindikiza mlangoni. Ilikuwa masika ya mwaka 2014, Kasulu. Wiki chache kabla ya hapo nilikuwa nimeteleza kwenye mteremko wa kisimani, ndoo kichwani, nikaangukia kiuno. Hospitali walinipiga picha, wakasema hakuna mfupa uliovunjika, wakanipa vidonge na kuniambia nipumzike. Nilipumzika mpaka nikawa siinuki bila kushika ukuta.

"Mtoto hawezi kulelewa na mtu anayetambaa kama yeye," mama mkwe alisema. "Nakwenda naye kwangu Kitanga. Siku utakayoweza kumheka, uje umchukue."

Kuheka kwa Kiha ni kubeba mtoto mgongoni. Mume wangu, aliyekuwa akifanya kazi Kibondo na kuja nyumbani mwisho wa wiki, aliitikia kwa kichwa. Walikuwa na haki wote wawili, na hilo ndilo lililoniudhi kuliko yote. Maziwa yalinijaa siku nne hivi, yakanivimbia, kisha yakakata.

Aliyenitoa kwenye ule mkeka, au tuseme aliyenirudisha kwenye mkeka kwa namna nyingine, alikuwa mama wa Kikongo kutoka kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu. Alikuja mjini na kibali chake kuuza vitenge nyumba kwa nyumba. Alinikuta nimekaa upande mmoja wa kiti kama niliyekalia moto, na hakufungua furushi lake. Aliniuliza nilianguka lini. Kwao, kabla vita haijamfukuza, alikuwa akifanya kazi kwenye chumba cha mazoezi cha hospitali.

"Mugongo yako iko inachoka juu ya kutumika peke yake," aliniambia, akinibonyeza chini ya kitovu kwa vidole viwili. "Tumbo imelala. Tutaiamusha."

"Kwa dawa gani?"

"Hapana dawa. Ni exercice. Inaitwa pilates."

Mimi nilisikia Pilato. Tangu utoto nilikuwa nikikiri kanisani jina la huyo bwana na mateso aliyoyasimamia, na sasa naambiwa ana mazoezi yake. Nilicheka, na kicheko kikanichoma kiuno hadi machozi yakanitoka.

Somo la kwanza lilikuwa kupumua. Nililala chali, magoti juu, nikaambiwa nitoe pumzi taratibu kwa mdomo na kukivuta kitovu kuelekea mgongoni. Basi. Nilikasirika. Mwanangu yuko Kitanga anazoea mgongo wa mtu mwingine, na mimi nafundishwa kupumua, kazi ambayo hata mbuzi haendi shule kujifunza. Lakini yule mama hakujali hasira zangu. Nikikaza shingo, anaigusa. Nikifanya haraka, ananirudisha mwanzo. "Hapana mbio," alikuwa akisema. "Mbio ndiyo iliangusha weye."

Alikuja kila alipopata kibali, na siku nyingine nilijifungia chumbani peke yangu. Kupumua kulizaa kuinua mguu mmoja, mguu ukazaa kiuno kupanda juu polepole, pingili moja baada ya nyingine, na kushuka vilevile. Siwezi kusema ni siku gani hasira ziliisha. Nakumbuka tu kwamba asubuhi moja nilimaliza, nikabaki nimelala, na nikagundua kwamba nimefurahi. Jasho jembamba mgongoni, tumbo linatetemeka kwa kazi, kichwa chepesi. Tangu nizae, mwili wangu ulikuwa wa kila mtu isipokuwa mimi. Pale mkekani ulikuwa wangu, na ulikuwa unanisikiliza. Nikaanza kuamka nikiwa na hamu nao, na hamu hiyo sikuipoteza hata baada ya kupona.

Laiti ningenyamaza. Jirani yangu alinichungulia dirishani siku moja, akaniona miguu juu napuliza hewa, akauliza ni nini kile. Kwa utani nikamjibu kwamba ni mazoezi ya Pilato. Tukacheka wote. Dunia haina siri. Habari ilifika Kitanga kabla ya mimi kupata nguvu za kufika huko, na ilipofika haikuwa utani tena.

Mume wangu alinipigia simu kutoka Kibondo. "Mama anasema mtoto harudi kwenye nyumba inayofanya mambo ya Pilato. Yaache."

"Nikiyaacha siwezi kumbeba. Nisipombeba, hanipi. Sasa nifanye lipi?"

"Mimi sijui," akasema, na nilimwamini, maana sauti yake ilikuwa ya mtu aliyebanwa kati ya mama na mke. Nilikata simu, nikalia kwa hasira, kisha nikatandika mkeka. Nilifanya kila nilichofundishwa, na kila nilipotoa pumzi nilikuwa naogopa. Mtoto alikuwa ameanza kusimama. Niliambiwa anamwita bibi yake mama.

Mvua zilipokatika nilikodi bodaboda, nikamwomba kijana aendeshe kama aliyebeba mayai. Kwenye kila shimo nilikivuta kitovu ndani. Njia nzima nilikuwa nikijiuliza nitafika na mgongo gani.

Mama mkwe alikuwa uani anapukuchua maharage, kitenge cha kijani kiunoni. Binti yangu alikuwa amesimama kando yake, ameshika bega lake. Aliniangalia kama anavyoangaliwa mgeni. Nilipiga goti, nikamsalimu mama. Aliitikia, kisha akaingia kwenye jambo lenyewe moja kwa moja.

"Pilato alinawa mikono, mtu asiye na kosa akafa. Wewe unamfuata wa nini?"

"Si yule, mama. Ni jina la mzungu mwingine kabisa. Mimi ndiye niliyetania."

"Jina hilo hutanii nalo."

"Egome, mama," nilisema. Ndiyo.

Alipukuchua ganda jingine, na jingine. Hatimaye alisema, bila kuniangalia, "Mheke, nikuone."

Wanaoheka wanajua. Huwezi kumtupia mtoto mgongoni ukiwa wima. Unamwinua kutoka chini, unamzungusha ubavuni, kisha unainama mgongo uwe kama meza, yeye juu, na mikono yako miwili inatafuta nguo ya kumfungia. Ndicho nilichokiogopa kwa miezi yote ile. Na alikuwa amenenepa, ameshiba kwa bibi yake. Nilikunja magoti, nikatoa pumzi ndefu, nikamwinua. Nikamzungusha. Nikainama. Nilisubiri ule moto wa kiunoni. Haukuja.

Kilichokuja ni kilio. Mtoto alipiga yowe, akajinyoosha, akarusha mikono kwa bibi yake, akaita, "Mama, mama," na hakuwa ananiita mimi. Mgongo ulikuwa mzima, na sijawahi kuumwa hivyo. Nilibaki nimeinama, machozi yananidondokea kwenye maganda ya maharage, nikimshikilia asianguke.

Kisha nikasikia mikono ya mama mkwe. Hakumchukua. Alikuwa amefungua kitenge chake cha kiunoni, chenye moshi wa jiko lake na jasho lake, na kile ndicho alichotufungia, akakikaza kifuani mwangu kwa fundo lake mwenyewe. Mtoto alizika uso kwenye kile kitenge, kilio kikapungua.

"Mwache nacho mpaka akuzoee," alisema. "Na uende sasa hivi. Ukimsikia analia njiani, usisimame. Ukisimama nitakuja kumchukua, na sitamrudisha tena."

Aliingia ndani na gauni lake tupu, akafunga mlango, saa nne ya asubuhi, maharage yakiwa yamebaki uani.