Kompyuta Zilizomngoja Mheshimiwa

Kazi yangu ni kuandika programu za kompyuta. Hapa Kamina watu husema "anafanya informatiki", na kwa wengi maana yake ni kwamba natoa fotokopi na kutia nyimbo kwenye simu. Jirani mmoja aliniletea redio yake iliyonyamaza. Nilipomwambia siijui kazi hiyo, alinitazama kwa huruma, kama mtu aliyegundua kwamba diploma yangu niliinunua sokoni. Nafanyia kazi barazani, paneli za jua zikiwa juu ya paa, na wateja wangu ni wenye maduka ya dawa wa Lubumbashi, ambao wengi wao hatujawahi kuonana. Binti yetu, mtoto wetu wa pekee, alikuwa na kawaida ya kuketi kando yangu akitoka shule, akinisomea kwa sauti makosa ambayo kompyuta huyaandika kwa rangi nyekundu. Aliyacheka sana. Nilipenda saa ile kuliko saa zote za siku.

Mama yake alitaka kumpeleka Lubumbashi kwa dada yake, akasome huko. Mimi nilikataa, naye hakuchoka kurudia.

"Weye unafanyia bantu ba Lubumbashi kazi," aliniambia, "lakini mutoto wako unamubakisha hapa. Hapa banamufundisha nini? Kungoja?"

Nilimjibu kwa maneno makubwa: mji ukikimbiwa na kila mwenye akili utabaki na nani? Mengine niliyaamini, mengine sikuyaamini. Ukweli ni kwamba nyumba isiyo na mtoto yule sikuweza kuiwaza.

Shuleni kwao somo la informatiki limo kwenye ratiba kila wiki, ila kompyuta haikuwepo hata moja. Mwalimu, kijana mwenye chaki na moyo mwema, alichora kibodi ubaoni, herufi kwa herufi, na watoto wakaichora katika madaftari na kuikariri kama katekisimu. Siku ya mtihani waliulizwa kama kompyuta inaweza kutumika bila kipanya. Binti yangu aliandika ndiyo, kwa sababu yangu haina kipanya. Akapewa sifuri. Nilikwenda kuuliza, na mwalimu akanipokea kwa heshima zote.

"Papa, minyi najua njo vile," alisema, akigonga daftari lake la somo. "Lakini mu cours haiko vile. Inspecteur akikuya, atasoma cours."

Sikumlaumu. Maoni yangu kuhusu elimu yetu ndiyo hayo, na sijapata sababu ya kuyabadilisha: mtoto hafundishwi kitu, anafundishwa jibu la kitu, na siku akikutana na kitu chenyewe ataona ndicho kilichokosea.

Ndipo zikaja habari kwamba Mheshimiwa mmoja, mtoto wa hapa anayekaa Kinshasa, ataipa shule kompyuta pamoja na chumba cha kuziweka. Nilifurahi kupita kiasi. Nilimwambia mke wangu tupatane: chumba kikifanya kazi, mtoto anabaki, kisipofanya, anakwenda kwa mama yake mkubwa, nami sitafungua mdomo. Alinyoosha mkono, nikaushika. Tulicheka kidogo, lakini wote wawili tulijua si mchezo.

Chumba kilijengwa upesi. Shule ile ina majengo ya zamani ya matofali mazito, yenye dari za juu, matundu ya hewa chini ya paa na baraza pana, na katika saa ya joto kali mtu akiingia humo anapumua. Wakoloni waliojenga mji huu wakati wa kuleta reli hawakutujengea sisi, wala sina haja ya kuwasifu; lakini walijua jua liko upande gani. Chumba kipya hakikujua. Kilipewa vioo vya buluu visivyofunguka, bati moja kwa moja bila dari, na vigae vyeupe ukutani kwa nje, kama bafu lililogeuzwa ndani nje. Watu walisimama barabarani kukishangaa. Ndivyo tunavyojenga siku hizi Kamina nzima: nyumba ya kutazamwa na wapita njia, na mwenye nyumba anakaa nje kwenye kivuli cha jirani, akijipepea kwa kofia.

Kompyuta, zile za kukunja zenye betri ndani, zilifika kwa treni ya mizigo, zikapangwa mezani zikiwa bado ndani ya plastiki, na prefe, mkuu wa shule, akazifunika kwa vitambaa vyeupe vya kufuma, vile tunavyofunikia televisheni sebuleni. Nilikwenda kumwomba niziwashe.

"Apana, papa," alisema. "Mheshimiwa hayakata bado utepe. Mbele ya inauguration hakuna muntu atagusa."

Hilo si la prefe peke yake. Kwetu kisima kinaweza kuchimbwa, maji yakapanda, na akina mama wakaendelea kuteremka bondeni na madumu yao kwa sababu mkubwa wa kukifungua hajafika. Tunaiita heshima. Nilimweleza kwamba betri zikikaa muda mrefu bila kuchajiwa hufa. Alinisikiliza vizuri, akanishukuru, akasema subira huvuta heri. Kabla hajafunga mlango wa chumba nilitoa bisibisi yangu, nikafungua soketi moja ukutani. Nyuma yake hapakuwa na waya. Nikafungua ya pili, ni ukuta mtupu.

"Ile tutatengeneza nyuma ya inauguration," prefe alisema, yaani baada ya sherehe, wala hakuona aibu.

Mheshimiwa hakuja. Mara ya kwanza tuliambiwa ni vita vya mashariki, kikao kimeitishwa. Baadaye serikali ikabadilishwa na hakuna aliyejua kama yeye bado ni mkubwa au vipi. Nilianza kupita kila asubuhi karibu na soko, kwenye lile bunge la kusimama, ambako wanaume huja na simu zao na baiskeli zao kujadili nchi. Mule ndani kuna watu wanaojua jenerali gani amepelekwa wapi, nchi gani imesaini nini, madini gani yamepita mpaka gani. Nilipenda kubishana nao. Siku moja niliuliza nani anapaswa kuziba korongo linalokula barabara ya shule yetu, kila mvua likimeza kipande. Mzee mmoja aliyeegemea baiskeli akasema, "Ile haiko politiki," na wakarudi kwenye vita. Tangu siku hiyo sina tena maoni juu ya habari za nchi. Nimebaki na hasira tu, nayo pia imechoka.

Mvua zikaisha, vumbi likarudi. Mke wangu hakuniuliza. Alisema mara moja tu, akichambua mboga, kwamba ngoja ngoja huumiza matumbo, akaendelea kuchambua.

Kisha siku ikapangwa ghafla. Shule ilipigwa chokaa, watoto wakafundishwa wimbo, na binti yangu akachaguliwa kuandika kwenye kompyuta, mbele ya mgeni, sentensi ya kumkaribisha. Alistahili, ndiye pekee shuleni aliyewahi kuandika kwenye kibodi ya kweli. Nilimwona amevaa sare iliyopigwa pasi, nikajidanganya kwamba mambo yatanyooka.

Jenereta ya kukodi ilikuwa inanguruma nyuma ya jengo. Waya wake wote ulikwenda kwenye vipaza sauti. Asubuhi ile prefe alikuwa ameondoa vitambaa na plastiki, akabonyeza hapa, akabonyeza pale, na kompyuta zote zikabaki nyeusi. Aliponiona jasho lilikuwa linamtiririka. Betri zilikuwa zimekufa. Nilikimbia nyumbani kwa pikipiki ya kukodi, nikarudi na kompyuta yangu mwenyewe, imejaa chaji. Mtu wa protokoli, mpangaji wa sherehe, kijana mwenye suti nzito kwenye joto lile, aliiangalia upande huu na upande huu.

"Hii haiko ya Mheshimiwa," alisema. "Kamera itaona."

Akamwinamia binti yangu na kumwambia taratibu, kama mtu anayempa mtoto peremende, "Weye utafanya tu vidole. Hakuna muntu ataona kioo. Utafanya muzuri, shi njo vile?"

Utepe ukakatwa. Mheshimiwa akaingia, nasi wazazi tukajibana nyuma yake, vioo vya buluu vikituoka. Binti yangu akaketi, akaweka vidole mahali pake kama alivyofundishwa ubaoni, akaandika. Aliandika upesi, bila kutazama chini, akasimama penye nukta, kisha akanyanyua mikono. Kioo kilikuwa cheusi, nikaiona sura ya binti yangu ndani yake. Mheshimiwa akasema Kamina iko na vipaji. Watu wakapiga makofi, na prefe akapiga kuliko wote.

Tulirudi kwa miguu. Nyumbani niliwasha kompyuta yangu, nikafungua ukurasa mweupe, nikamwambia binti yangu, "Kuya, mama. Sasa iandike kweli."

Hakuikaribia.

"Nilisha kuandika, papa," alisema. "Bote balipiga mikono."

"Lakini uliona kioo. Hakukuwa kitu."

"Nilijua. Prefe alisema haiko neno. Alisema minyi njo nilifanya muzuri kupita bote."

Hakuwa amesikitika. Laiti angelia, ningejua la kumwambia. Alikuwa na furaha, furaha safi ya mtoto aliyesifiwa, akavua viatu vyake na kwenda kuwasimulia wenzake uani. Nilibaki natazama ukurasa mweupe.

Mama yake alikuwa amesimama mlangoni, amesikia yote. Nilimngoja anikumbushe mapatano yetu. Hakunikumbusha. Alinitazama tu, na macho yake hayakuwa ya mtu aliyeshinda.

"Mupeleke," nilimwambia.

"Haiko lazima leo, papa," mke wangu alisema.

"Mupeleke sasa. Hajazoea bado kupigiwa mikono ya bure."