Daraja Kwanza

Pesa za kuzuia mafuriko zilikuwa za kilima chetu pale Bihambwe: kuchimba mitaro na kupanda mianzi ya kushika udongo. Kisha mvua kubwa ikabeba daraja. Pikipiki zikakwama ng'ambo, na wagonjwa tukawa tunawavusha mtoni mabegani.

Kwenye mkutano, mama yangu alisimama mbele ya wote. "Daraja njo ya kwanza," akasema. "Kilima itatungojea."

Wakubwa wa mradi walifurahi kuzihamisha zile pesa. Daraja linapigwa picha, mtaro nani anaupiga? Lilijengwa vizuri, sikatai.

Masika yaliyofuata, kilima kikashuka juu ya nyumba ya mama. Pikipiki iliyoleta jeneza lake ilivuka daraja bila hata kupunguza mwendo.