Sombe Niliyoiachia Jalidi

Jirani yangu wa chumba cha nyuma, hapa mtaa wa Bertrams, ni mama wa Kikongo kutoka Uvira. Kando ya ukuta wa ua wetu amepanda muhogo, miti saba, kwa ajili ya majani tu, maana kwa baridi ya huku kusini mizizi hainenepi. Yeye majani huyaita sombe, mimi wa Tanga nasema kisamvu, na tumebishana hadi tukachoka. Kijiti cha kwanza alikuja nacho ndani ya begi la nguo, kimekatwa shambani kwa mama yake. Mama huyo ameshafariki, na shamba nalo limemezwa na maji ya ziwa.

Kila mwaka kabla ya baridi ya Juni huikata miti yote iwe vijiti, huvifunga kwenye magunia na kuvisimamisha nyuma ya kabati, visiuawe na jalidi, ule umande unaoganda. Septemba huvipanda upya.

Mwaka juzi, baridi ikikaribia, binti yake alijifungua Durban, naye akaenda kumhudumia mzazi. Aliniachia kisu, magunia mawili na ufunguo wa chumba. Akanisisitizia nisingoje kuiona baridi. Nikate wiki ileile.

Sikukata. Majani yalikuwa bado mororo, na Jumapili ya pili tangu aondoke ilikuwa zamu yangu kuwakaribisha Watanzania wenzangu. Nilitaka wale kisamvu cha nazi kilichochumwa pale pale mlangoni, wanisifu. Isitoshe, mimi nimekulia kwenye muhogo. Kwetu jua huua mahindi, huua kunde, muhogo ukabaki umesimama. Nani wa kunifundisha mimi habari za muhogo?

Wageni walikula, wakanisifu. Jumanne asubuhi nilifungua mlango nikakuta nyasi za uani nyeupe kama zimemwagiwa unga. Kufikia saa sita majani yote yalikuwa meusi, yananing'inia. Nikajiambia yatachipua tena, nikaiacha miti palepale, na jalidi ikarudi siku tatu mfululizo. Nilipokuja kukata, shina lilikuwa la kahawia na laini hadi mzizini, wala halikutoa utomvu. Wanasema tamaa mbele, mauti nyuma, lakini aliyelipia tamaa yangu hakuwa mimi.

Ningeweza kumpigia simu siku ile. Simu ilikuwa mkononi, nami nikaona aibu. Badala yake nilikwenda Turffontein kwa muuza mboga mmoja, Mkongo pia, nikamwomba vijiti vyake. Nikavifunga kwenye magunia yaleyale, nikavisimamisha nyuma ya kabati lilelile, na fundo nikalifunga kama anavyolifunga yeye. Ndiyo, hata fundo nililikumbuka.

Aliporudi Agosti alichungulia magunia, akanishika mikono yote miwili na kunishukuru. Akanipa kitenge kizuri cha Durban. Mimi ni fundi cherehani, nguo za watu nashona kutwa, na kitenge kile sijakigusa mpaka leo.

Novemba, majani yalipokwisha kukunjuka, aliniita. Alikuwa amechuchumaa, ameshika jani moja kwa kikonyo chake.

"Mwanangu, hii haiko sombe ya mama yangu," alisema. "Ya kwetu ilikuwaka na shingo nyekundu."

Nikaanza kusema labda ni udongo, labda ni mbolea. Akaligeuza jani, akanionyesha kikonyo cha kijani. Nikamweleza yote, tangu wageni wangu na sifa zao hadi safari ya Turffontein.

Aliliachia lile jani.

"Baridi inauaka, sikatai," alisema. "Lakini ilikufa tangu mwezi wa sita, na hata pole haukuniambia. Ukaniacha nakushukuru."

Nikamwambia pole. Akaitikia asante, maana ndivyo mtu anavyoitikia, akainama kuendelea kupalilia muhogo wa watu.