Barua Iliyovaa Kravati

Shemeji yangu, mume wa dada yangu mkubwa, alikuwa luteni wa jeshi la majini hapa Baraka, mashariki ya Kongo, kwa miaka mingi kuliko inavyompasa mtu kuwa luteni wa kitu chochote. Ninaposema majini nina maana ya ziwa, na ninaposema jeshi nina maana ya boti mbili, moja ikiwa na injini. Sokoni bamama wauza ndakala, dagaa wa ziwa letu, walimwita Kapiteni. Aliitika kwa aibu, maana kapiteni hakuwa.

"Kule Kinshasa kuko samaki banaitaka kapitene," aliniambia siku moja. "Na haikufanya hata mutihani."

Jambo lililomla ni hili. Vita vilipokwisha, watu waliotoka msituni waliingizwa jeshini pamoja na vyeo vyao, na vyeo hivyo walikuwa wamejigawia wenyewe huko huko msituni. Mkuu wa kituo chake alikuwa mmoja wao, meja asiyejua kuogelea, ambaye akipanda boti hushika ubao kwa mikono miwili kama mtu anayeng'oa mlango. Orodha ya watu wa kupandishwa cheo iliandikwa na meja huyo, na kila ilipotoka, jina la shemeji halikuwamo. Sasa ilikuwa imebaki orodha moja tu kabla hajastaafu.

Lakini juu alikuwa na mtu. Kanali mmoja wa Kinshasa, katika ofisi inayopitia orodha hizo, aliwahi kuwa kuruta hapa kwetu. Alikuwa ametoka bara, mbali na maji, na shemeji ndiye aliyemfundisha kuogelea pale mto Mutambala unapoingia ziwani. Siku moja alimvuta kutoka chini akiwa ameshakunywa ziwa la kumtosha.

Basi alasiri moja shemeji akaja kwangu na daftari kuukuu la shule la binti yake. Ndani aliandika barua kwa penseli, kwa Kiswahili chetu. Ilianza hivi: "Mudogo yangu, ni mi mukubwa yako, ule alikutoa maji mu mapua pale Mutambala. Ile sikio yako ya kushoto ilipona?" Baada ya sikio yalifuata maneno machache: "Mi siombi unipendelee. Uangalie tu orodha, uone nani iko mule na nani haiko, na ujiulize kama iko haki." Meja hakutajwa hata mara moja.

"Uniandikie tu muzuri," alisema, akinisogezea kalamu. "Mukono yangu ni ya kamba, haiko ya biki."

Hapa inanibidi nikiri elimu yangu. Nina shahada niliyoipata Bukavu, nimefundisha Kifaransa nusu ya maisha yangu, na nina ugonjwa wa kutoweza kuona karatasi bila kutafuta kalamu nyekundu.

"Shemeji, huwezi kumwita kanali mdogo wako," nikamwambia.

"Sasa ni mudogo yangu."

"Kwenye karatasi hapana."

Nikaifumua yote, nikaisuka upya kwa Kifaransa. Juu kulia tarehe, kushoto cheo na anwani, chini yake mada ya barua, halafu ile sentensi ambayo kila msomi wa Kongo anaweza kuisema akiwa usingizini: kwamba nina heshima ya kuja mbele ya mamlaka yako ya juu. Sikio nikaliondoa. Kule kuzama nikakuita ushirikiano wetu wa siku zilizopita. Na kwa kuwa kalamu ilikuwa imepata moto, nikaongeza sentensi moja yangu mwenyewe juu ya mkuu wa kituo, ambaye umahiri wake majini unaishia pale maji yanapoanza. Niliisoma mara tatu kwa raha.

Kisha nikawasomea, nikiwafasiria. Dada alikuwa anachambua sombe, majani ya muhogo. Akasema bila kuinua kichwa, "Hii barua iko na kravati." Yaani tai ya shingoni, kama bwana wa ofisini.

Shemeji aliichukua karatasi, akaitazama juu hadi chini. "Ni muzuri," akasema. "Lakini mi niko wapi mule ndani?"

"Chini, kwenye sahihi," nikamjibu, nikacheka. Nilidhani nimesema jambo la akili.

Akatia sahihi. Kwani kati yetu mimi ndiye msomi. Mfanyabiashara mmoja aliyekuwa anasafiri akaichukua hadi Kinshasa.

Barua ilirudi baada ya wiki kadhaa, na haikurudi kwake, ilirudi kwa meja. Ilikuwa imefanana mno na barua ya serikali, na huko Kinshasa karani aliifungua kama barua ya serikali, akaona imewaruka wakubwa wa njiani, akaipiga muhuri na kuirudisha kwa mkuu wa kituo ili atoe maoni yake. Kanali hakuiona.

Meja akaisoma mbele ya wenzake, shemeji akiwa amesimama wima. Alipofika kwenye sentensi yangu akakomea hapo.

"Hii Kifaransa haiko yako. Nani alikuandikia?"

"Ni mi, afande."

"Basi soma hii neno."

Shemeji akalitazama lile neno. Hakuweza kulitamka. Akarudia tu, "Ni mi, afande."

Walimpeleka upande wa Nundu kulinda injini iliyokuwa imekufa kitambo. Orodha ikatoka, jina lake halimo. Akastaafu akiwa luteni.

Mwaka haukuisha kanali akaja Baraka kutembelea kituo. Shemeji alikwenda ufukweni amevaa shati la kanisani, akasimama miongoni mwa raia. Kanali akamwona, akaacha msafara, akamkumbatia mbele ya watu wote. "Mukubwa!" akamwambia, akijigusa sikio la kushoto. "Ile orodha ilipita mu mikono yangu. Nilingojea, nikasema labda atanikumbuka. Ju ya nini haukuniandikia hata kamustari kamoja?"

Shemeji alitusimulia hayo siku ile ile, tukiwa tunakula. Dada akamuuliza, bila kunitazama, "Na we ulimujibu nini?"

"Nilimuambia biki yangu iliishaka wino."

Nyumbani hakuna aliyenilaumu, hata kwa utani, na katika ukoo wetu utani haujawahi kumwacha mtu salama.

Juzi amekuja tena na daftari lile lile. Anahitaji kadi ya wastaafu kutoka ofisi ya serikali. "Hii inaenda kwa bureau, shemeji, haiendi kwa muntu," akasema. "Uivalishe kravati yake."

Nikafunua kurasa kutafuta penye nafasi. Ile barua ya kwanza bado imo, penseli imeanza kufifia. Maneno mawili tu ndiyo yanaonekana vizuri, "Mudogo yangu", kwa sababu ya mstari mwekundu nilioyapitishia siku ile, mstari wa mwalimu, umenyooka bila rula.