Mti niliousogeza hatua tatu

Jamani, sikieni ya leo.

Mnajua ile bustani mpya ya mji hapa Nakuru? Mimi ndiye ninayepanda jakaranda.

Juzi nilisogeza mche mmoja hatua tatu nje ya ramani, ili kivuli kije kimfikie Mama Njeri pale anapotua mzigo wake wa kabeji akitoka kijijini Bahati kwenda sokoni.

Leo Bwana, yule Mzungu msimamizi wetu, akaja na kamba ya kupimia.

“Nani nasogeza hii mti?”

Nikasema ni mimi, Bwana, chini kulikuwa na jiwe. (Uongo!)

Akatazama, akatabasamu.

“Mzuri sana. Hapa tutaweka benchi.”

Benchi la Wazungu tu, sisi Waafrika hata kutua mzigo karibu nalo ni marufuku!

Kesho Mama atapita na mzigo. Nimwambie nini, na mti nimeupanda mimi?